Michoro Kutoka Maguu

Mbamba Bay
4 Machi 2024

Mpendwa binti yangu Gertrude,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Juni ya mwaka jana. Barua zako tatu zilifika, na zote ninazo. Sikujibu kwa sababu ya shughuli za kanisa, na baadaye kwa sababu ya uvivu, ambao siwezi kuupa jina jingine. Mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka thelathini na minne kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki mbili hana pa kujificha. Simu usinipigie. Unajua kwamba masikio yangu hupokea nusu ya maneno, na nusu inayopotea ndiyo yenye maana.

Michoro ya watoto nilikabidhiwa na Meshack, kondakta wa basi dogo la Mbinga. Nimeitazama dirishani, mchana, mmoja baada ya mwingine, na sikuielewa. Katika mchoro wa kwanza nyumba inaelea. Haina ardhi chini yake. Katika wa pili kuku ni mkubwa kuliko wewe, na ana miguu minne. Wa tatu nadhani ni wa Othmar, maana ni duara kumi na saba na hakuna kingine. Nimezihesabu kwa kidole.

Sisemi kwamba watoto wamekosea. Nasema hawajafundishwa. Mtoto huanza na mstari ulionyooka, kisha pembe, kisha duara, kisha chombo cha nyumbani kilichowekwa mbele yake. Ninakutumia karatasi ya mifano: chungu, sanduku, mtumbwi na samaki. Kila mmoja anakili mara kumi kabla hajachora kitu cha kichwani mwake. Wewe mwenyewe ulifundishwa hivyo kwenye baraza letu. Ulilia, lakini ulijua.

Jambo kubwa ni hili. Januari ijayo Beata ataanza darasa la kwanza. Nataka aanzie huku na akae nami. Tangu mama yako afariki, vyumba viwili vya nyumba hii havifunguliwi. Shule iko karibu, na nitamsimamia mwenyewe. Novemba nilikuuliza kupitia Meshack, ukasema kwamba mtalifikiria. Sasa ni Machi. Nataka jibu.

Pokea usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kikapu kimoja. Msalimu mume wako.

Mimi baba yako,
Mwl. Cuthbert


Maguu
7 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Tumefurahi kupata barua yako. Tulikuwa tumeanza kuulizana kama tumekukosea kitu. Usipa umefika salama. Othmar amekula vichwa tu, miili akatuachia sisi.

Umesema watoto hawajafundishwa kuchora. Ukweli ni kwamba hatuwafundishi. Ilianza Januari, mvua ilipokuwa haikatiki. Nilikuwa ndani nao, nikampa Beata kipande cha mkaa na kalenda ya zamani ya chama cha ushirika, maana migongo ya karatasi zake ni myeupe. Kalenda ilipoisha tukahamia ukutani, chumbani kwangu, upande wa kitanda. Jioni Tadei akitoka shambani huketi sakafuni naye akachora. Hajui kabisa. Juzi Beata alimtazama akasema, "Baba, hiyo ni meza." Tadei akasema ni mbuzi amesimama. "Basi mwambie alie." Baba mtu akalia kama mbuzi, mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua kama tumenunua.

Mifano yako wameinakili. Lakini, Baba, kuna jambo limetuchanganya. Chungu chako kinaanzia mdomoni, kinazunguka vizuri, halafu mstari haurudi ulipoanzia. Umepita kando kama upana wa vidole viwili. Sanduku nalo lina pembe moja iliyo wazi, na mtumbwi umepanda juu ya samaki. Beata amevinakili vilevile, kwa uangalifu mkubwa, pamoja na uwazi wenyewe. Nikamwambia afunge mstari. Akasema, "Babu hakufunga." Nikamwacha, kwa kuwa ni wewe uliyenipiga rula vidoleni kwa ajili ya duara lisilofungwa. Tadei anadhani uliacha makusudi ili watoto wamalizie. Je, ndivyo?

Kuhusu Januari, naomba utuvumilie. Kwa sasa siwezi kumtoa Beata hapa nyumbani. Nitakueleza siku nyingine.

Nakutumia mchoro mpya. Ni shamba letu la kilimani, linaloonekana kutoka dirisha la chumbani. Beata ameuchora akiwa amesimama hapo dirishani, na hakuna aliyemsaidia.

Binti yako,
Gertrude


Mbamba Bay
22 Aprili 2024

Mkwe wangu Tadei,

Salaam. Barua hii ni yako, si ya mke wako. Nitashukuru ukiisoma peke yako.

Nimeutazama mchoro wa shamba kwa siku nne. Kilima kimejaa miraba ya ngolo, na kila mraba una shimo lake katikati. Hilo mtoto amelipatia kuliko nilivyotarajia. Ndani ya shimo moja amesimama mtu mwenye jembe. Amevaa suruali, na kichwani ana kofia yako ya pama. Mwanamke hayupo. Nimetafuta gauni kutoka pembe moja ya karatasi hadi nyingine, na sikuliona.

Mimi ni mtu wa ziwani, lakini nilifundisha Mpepai, huko kwenu Umatengoni, kwa miaka sita na najua kazi ya ngolo inavyogawanywa. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba. Mwanamke hufukua udongo na kuyafunika, na mashimo hubaki. Katika miaka yote sita sikumwona Mmatengo mwenye mke akichimba ngolo kwa mkono wake. Aliyechimba alikuwa amefiwa na mke, au amekimbiwa.

Nilimwuliza Meshack. Anasema hajamwona Gertrude kituoni wala gulioni tangu Krismasi. Barua ya Aprili inasikika kama maneno yake, lakini barua huweza kuandikiwa popote na kupitishiwa popote.

Nauliza kwa maneno mepesi. Mwanangu yuko wapi? Amekuacha? Umemfukuza? Anaumwa? Kila nikishika wazo moja, jingine linalipinga. Kama amekwenda zake, kwa nini watoto wamebaki na wewe na kwa nini wanacheka? Kama yupo, kwa nini hayumo shambani kwake mwezi wa kuchimba? Anaandika kwamba hawezi kumtoa Beata, na hasemi sababu. Sikumlea aandike sentensi isiyo na sababu.

Kama nyumba hiyo ina fujo, Beata asingoje Januari. Mpe Meshack siku ya Ijumaa, nami nitampokea kituoni.

Baba mkwe wako,
Mwl. Cuthbert


Maguu
3 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma peke yangu kama ulivyoagiza. Nilipomaliza nilimpa Gertrude naye aisome, kwa sababu yupo, amelala chumba cha pili kutoka hapa nilipoketi. Hajaniacha, na sijamfukuza. Ni mjamzito. Mwezi wa saba unakwisha.

Unamkumbuka yule aliyetutoka mwaka juzi kabla hajazaliwa. Safari hii damu ilionekana Januari. Nesi wa zahanati akasema Gertrude alale, asiinue ndoo, asishike jembe mpaka siku ya kujifungua. Tukakubaliana tusimwambie mtu hadi tusikie mtoto analia. Mama yangu mwenyewe alijua Machi, aliponikuta nasonga ugali. Kukuficha wewe lilikuwa wazo la Gertrude. Alisema ungepanda huku kwa miguu na kukaa mlangoni kama askari. Mimi nilikubali, kwa hiyo kosa ni la wote wawili.

Basi ni kweli, ngolo nimechimba mimi. Wenzangu wamenifaidi sana. Wakipita barabara ya juu wananiita, "Tadei, ukimaliza hapo pita kwangu, mke wangu anataka kusukwa." Jirani yetu Alphonce alisimama nusu saa akinielekeza kwa fimbo. "Shangazi, shimo hilo halina kina. Shangazi, udongo unamwagika bondeni." Nikamwambia ashuke anionyeshe. Akasema kiuno kinamsumbua.

Beata ndiye anayeshinda na mama yake. Anamletea maji, anamwita bibi akihitajika. Habari ya kuchora ilizaliwa hapo, mama kitandani, mtoto ukutani. Ukimchukua, Gertrude atanyanyuka kwenda kuchota maji mwenyewe. Namjua.

Sasa nami nina swali, na ninaliandika kwa woga. Siamini tena kwamba kile chungu ulikiacha wazi makusudi. Katika barua yako ya mwisho mistari inaanza sawa, halafu inapanda juu ya mistari mingine. Ukurasa wa pili ilibidi niusome kwa kuukisia. Meshack anasema ulimsalimu ukamwita Mchungaji, na uliposahihishwa ukacheka kama mtu aliyefanya mzaha. Kofia yangu uliiona, lakini kofia ile imechorwa kwa mkaa mzito. Baba, unaona vizuri?

Kama halinihusu, nisamehe.

Mwanao,
Tadei


Mbamba Bay
19 Mei 2024

Wanangu Gertrude na Tadei,

Habari ya ujauzito nimeipokea. Nimefurahi na nimekasirika, na kila nikianza sentensi ya furaha inamalizikia upande wa pili. Mwaka juzi nilikaa nanyi siku tatu za ule msiba. Mlipaswa kuniambia. Hata hivyo, mimi nami huenda ningenyamaza. Sijui. Gertrude, lala. Tadei, umefanya vyema. Anayekucheka mke wake ni mzima, basi ashukuru.

Kuhusu macho yangu, hakuna tatizo. Chungu kiliachwa wazi kama ulivyodhani mwanzoni. Ni njia ya kufundishia. Meshack alikuwa amevaa koti jeusi, na yeyote angekosea. Mwandiko wa barua hii ni tofauti kwa sababu mkono wangu wa kulia umeteguka kidogo. Anayeniandikia ni Recho, binti wa jirani, mnamfahamu kutoka kwaya. Suala hilo lisirudiwe.

Ombi langu la Januari linabaki palepale. Wakati huo Gertrude atakuwa amesimama, na sababu yenu itakuwa imekwisha. Nijibuni hapo.

Baba yenu,
Mwl. Cuthbert

Dada Gertrude, shikamoo. Ni mimi Recho, naongeza haya wakati Babu amekwenda kufungulia kuku. Mkono wake haujateguka. Juni ya mwaka jana nilimsindikiza hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa ya matone. Tangu hapo barua zenu zote nimemsomea mimi, na alinikataza kuwaambia. Ile karatasi ya chungu, barua ya Machi na ile ya kwa shemeji aliandika mwenyewe, akanifungia mlango nisimsaidie. Anaona kidogo mbele, pembeni haoni kitu. Michoro ya Beata ndiyo pekee anayoitazama bila mimi. Anaisogeza mpaka pua inashika masizi, halafu anabisha kwamba ameshanawa. Septemba naolewa, nahamia Liuli. Analijua hilo. Nadhani ndiyo sababu ya Januari yake. Nisamehe, dada. Anarudi, na atataka nimsomee barua yote. Hapa nitaparuka.


Maguu
21 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Mtoto alizaliwa tarehe mbili ya mwezi huu. Ni msichana, analia vizuri, na tumemwita Gaudiosa. Mimi nimeamka. Natembea, napika, na jana nilikwenda mwenyewe kuona kahawa inavyochumwa.

Niliahirisha kukujibu mpaka niwe na nguvu. Baba, habari ya macho tunaijua. Usimgombeze aliyetuambia, maana bila yeye tungeendelea kubishana juu ya chungu.

Nilikasirika wiki nzima. Nilijiuliza ni baba gani anayemwita mjukuu wa miaka sita kutoka kwa mama yake, hasemi kwamba anamtaka kwa ajili ya kumsomea barua na kumvusha barabara, anasema shule. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nilikuandikia nimelala chali, nikakwambia ni mvua iliyoniweka ndani. Wewe ulimhitaji. Mimi nilimhitaji. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na yeye mwenyewe hatukumwuliza.

Wiki iliyopita nikamwuliza. Akasema atakwenda kwa Babu kama nitakuja naye, na kama Othmar atakuja, na ukuta. Nikamwambia ukuta hausafiri.

Sasa sijui lililo sawa. Nikimleta, nitamfanya mtoto kuwa fimbo ya mtu mzima. Nikikataa, baba yangu anabaki peke yake Recho akishaondoka. Nimezunguka hapo kama kipofu na mimi. Nisamehe kwa neno hilo, lakini sikupata jingine. Mwisho nikamwuliza Tadei. Alisema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema uje wewe.

Anasema chumba cha kuwekea kahawa kina dirisha zuri, ataondoa magunia na kuweka kitanda. Nikamwambia haiwezekani, baba mkwe kulala nyumbani kwa mkwe wake na kupishana mlangoni kila asubuhi, watu watasema. Akasema, "Nimechimba ngolo kilima kizima. Kuna maneno gani wamebakiza?" Nikamwambia kwamba wewe hutakubali. Akasema hilo ni lako kulisema, si langu.

Beata alikuwa anasikia. Kesho yake tukakuta amekuchora ukutani, karibu na mlango, mkubwa kama ulivyo. Alipanda juu ya kinu ili afikie kichwa. Una fimbo, una miwani, una vifungo vyote vya koti. Miguu hakuichora. Nilipomwuliza sababu alisema miguu lazima ielekee mahali, na yeye hajui yako inaelekea wapi.

Tunangoja neno lako.

Binti yako,
Gertrude


Mbamba Bay
11 Agosti 2024

Wanangu,

Gaudiosa karibu duniani. Nimesomewa jina lake mara tatu kwa sababu niliomba.

Mwandiko huu ni wa Recho. Mkono wangu ni mzima, na haukuwahi kuteguka. Amekiri alichowaongezea ile Mei. Nilimgombeza dakika mbili, kisha nikamwomba aendelee kusoma, kwa kuwa sikuwa na mwingine.

Ombi la Beata nimeliondoa. Aanze shule huko Maguu. Nilisema shule, na haikuwa shule. Nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kabla ya harusi ya Recho, nikaona mtoto mwenye macho mazuri, wangu wa damu, nikamwekea mpango bila kumwambia mama yake ni mpango gani. Ningemkuta mwanafunzi amefanya hivyo ningemsimamisha mbele ya darasa. Gertrude, uliyoniandikia yalikuwa sahihi yote, hata lile neno uliloniomba radhi.

Hili la kuja huko ndilo linalonivuruga. Asubuhi nakubali, jioni nimekataa, na sababu za asubuhi sizikumbuki. Hapa njia ya kanisani naijua kwa hatua. Mama yako amelala nyuma ya kanisa hilo, na ndimi ninayeng'oa majani, sasa kwa kupapasa. Huko mnasali Katoliki nyote, nami nimesali Anglikana tangu ubatizo. Sijui kama nitaketi humo kama muumini au kama mgeni. Tadei hajawahi kuniona bila viatu, na sikupanga anione. Sijui mtu anamsalimuje mkwe wake akiwa anautafuta ukuta. Watu wa hapa watasema Mwalimu Cuthbert ameolewa Umatengoni pamoja na binti yake. Nilipomtajia Recho maneno hayo alicheka mpaka akaangusha kalamu, kwa hiyo najua wengine nao watacheka.

Kwa upande wa pili, juzi walinitembelea wazee wawili wa kanisa. Niliwamiminia chai mezani, nje ya vikombe, nikaendelea kuwakaribisha wanywe. Walinyanyua vikombe vitupu na kunishukuru. Nilijua baadaye, Recho alipokuja kufuta meza. Ningependa kuishi na watu ambao wangeniambia.

Tadei, wazo lako sikulitegemea kutoka kwa kijana ambaye niliwahi kumwandikia barua kama ile ya Aprili. Sikuwahi kukuomba radhi kwayo. Nakuomba sasa. Lakini magunia usiyaondoe bado, kwa maana chumba kikiwa kitupu nitajiona nimeitwa, na nataka niamue kabla sijaitwa.

Recho anaondoka tarehe 14 Septemba. Nitaamua kabla ya siku hiyo, na nikishaamua nitawaandikia, kwa mkono wa yeyote nitakayempata. Mwambieni Beata asiufute mchoro wake. Miguu asiichore mpaka barua hiyo ifike.

Baba yenu,
Mwl. Cuthbert